Ruvuma na Madaftari ya Wavukaji

Anayetazama ramani huuona Ruvuma kama uzi mmoja ulionyooshwa kutoka upande wa Songea hadi Bahari ya Hindi, kaskazini Tanzania na kusini Msumbiji. Anayekaa Kilambo, Mwambo au Msimbati hauoni uzi huo. Yeye huona maji yanayogawanyika na kukutana tena katikati ya mikoko, mafungu ya mchanga yanayozuka masika moja na kumezwa na masika mengine, na mabonde ya mpunga ambayo mwaka huu hufikiwa kwa miguu na mwakani kwa mtumbwi. Mwaka 1866 David Livingstone alifika kwenye mdomo wa mto huo akiwa na ngamia na nyati wa kubebea mizigo. Alikuta kinamasi na mikoko, ikambidi ageuke kaskazini akawateremshe wanyama wake Mikindani. Mpaka uliokuja kuwekwa hapo miaka 20 baadaye uliwekwa na watu ambao hawakupata kuyakanyaga matope hayo.

Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno ziliafikiana kuwa Ruvuma ndio utakaozitenga himaya zao. Hakuna mwenye bonde la mpunga aliyeulizwa. Sayyid Barghash bin Said wa Unguja, ambaye liwali wake alikuwapo Tungi, kwenye ghuba ambayo leo mji wake ni Palma, naye hakuulizwa. Mwanzoni mwa mwaka 1887 manowari za Ureno ziliipiga ghuba hiyo mizinga na kuitwaa. Wajerumani nao hawakutosheka na mto walioukubali wenyewe. Mwaka 1894 walivuka hadi ng'ambo ya kusini wakaishika Kionga, kipande cha nchi chenye umbo la pembetatu kati ya mto na Rasi Delgado. Wareno walikitwaa kipande hicho mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukakithibitisha kuwa chao. Basi mtoto aliyezaliwa Kionga mwaka 1885, pwani ikiwa bado inahesabiwa ya Sayyid, aliweza kuwa kijana chini ya bendera ya Mjerumani na mzee chini ya bendera ya Mreno, na asihame hata nyumba moja.

Ni muhimu kulikumbuka hilo kabla ya kuzungumzia wanaohama. Kandokando ya Ruvuma wamo Wamakonde, Wamakua, Wamatambwe na Wayao pande zote mbili, na pwani wamo watu ambao Kimwani chao cha Ibo na Mocímboa da Praia ni jamaa wa karibu mno wa Kiswahili. Wengi katika hao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ni mtu mkubwa kuliko baba katika mambo ya ndoa, shamba na maziko, na mjomba aghalabu yuko ng'ambo. Kuvuka mto kwenda kumzika mjomba hakukuwa safari ya nchi za nje. Kulikuwa wajibu wa nyumbani. Neno lenyewe, ng'ambo, halina ugeni ndani yake. Wakazi wa mji wa Unguja walilitumia miaka mingi kwa mtaa uliokuwa mbele ya kijito tu, na mtu wa Mjini alikuwa na shemeji zake huko.

Dola hulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Dola ikishaweka mpaka hutaka kujua nani kaupita, na haina njia ya kujua isipokuwa kwa kuandika. Historia ya wavukaji wa Ruvuma, kwa hiyo, ni historia ya madaftari pia, na kila daftari lilikuwa na swali lake. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua mvukaji aitwe nani.

Daftari la kwanza lilikuwa la kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na upande wa pili Kampuni ya Niassa, iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala eneo zima la kaskazini ya Msumbiji kuanzia mwaka 1891, ilitoza kodi, ikawakamata watu kwa shokoa, na kwa miaka kadhaa ikawapeleka vijana kwenye migodi ya Afrika Kusini kwa malipo yaliyoingia katika mfuko wake. Watu walijibu kwa miguu. Vita vya Majimaji vilipozimwa kwa moto na njaa kati ya mwaka 1905 na 1907, walikuwapo waliokimbilia kusini, kwa Mreno. Kampuni ilipokaza kamba, na hata ilipovunjwa mwaka 1929 serikali ya Kireno ikaendeleza shokoa na kuongeza kilimo cha pamba cha kulazimishwa, mkondo wa watu ukaelekea kaskazini, kwa Mwingereza. Mto ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni upande upi kodi na bakora vilikuwa vizito zaidi.

Waliofika Tanganyika waliingia katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga. Huko wakapewa kipande, kadi yenye vyumba vya kuandikia siku za kazi, na wao pamoja na wafanyakazi wengine wa mkataba wakaitwa manamba. Yafaa kulitazama neno hilo kwa makini. Limetokana na namba aliyopewa kila mtu, ikawa ndiyo jina lake mbele ya msimamizi. Lugha ilichukua tarakimu ya daftari ikaifanya kabila. Wamakonde wa kutoka Msumbiji walipewa na jina jingine, Wamawia, lililowatenga na Wamakonde wa Newala ambao walikuwa ndugu zao. Hakuna aliyewaita wakimbizi. Walikuwa vibarua, na kibarua hahojiwi alikimbia nini maadamu mkonge unakatwa.

Baadhi yao walivuka hadi Unguja na Pemba, na wengine hadi Kenya, kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wajukuu wa hao wa Kenya waliishi miongo kadhaa bila kitambulisho, kwa sababu kipande cha babu hakikuwa hati ya uraia. Mwezi Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo, wakapewa. Mwaka 1967 au 1977 pangekuwa hapana wa kuwasikiliza. Mwaka 2017 Wamakonde wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wapo manamba waliotaka kurudi. Sehemu hii ya historia hutajwa kwa haraka, ilhali ndiyo iliyowasha moto. Vyama vya Wamakonde wa Tanganyika, ambavyo baadaye viliungana katika MANU, vilianza kama vyama vya kusaidiana vya watu wa mashamba ya mkonge, na moja ya hoja zao ilikuwa ruhusa ya kurejea makwao bila kukamatwa kwa kodi na shokoa. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitoka Tanganyika wakavuka mto kwenda kuzungumza na wakuu wa Kireno Mueda. Tarehe 16 Juni 1960, mbele ya umati uliokusanyika kusikiliza jibu, viongozi hao walikamatwa. Watu walipopiga kelele, askari walifyatua risasi. Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa, FRELIMO ikitaja mamia na watafiti wengine wakitaja wachache zaidi. Lisilobishaniwa ni kwamba mauaji yale yalianza kwa swali la wavukaji: je, aliyetoka anaweza kurudi?

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, na vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, katika Cabo Delgado. Katika wiki chache maelfu ya watu walivuka Ruvuma, mama na watoto, mbuzi na vinu. Hapo ndipo neno mkimbizi lilipoingia katika daftari la Mtwara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, pamoja na shirika la makanisa lililoanzishwa mwaka huo huo wa 1964 kwa kazi hiyo, liliisaidia Serikali kufungua makazi: Rutamba katika Lindi, Muhukuru upande wa Songea, Lundo karibu na Ziwa Nyasa, Matekwe katika Nachingwea. Katikati ya miaka ya 1960 ikapitishwa sheria ya kuwadhibiti wakimbizi, iliyompa Waziri uwezo wa kuwataka wakae mahali palipotengwa na wasitoke bila kibali.

Sheria hiyo haikuwa na ubaya wa makusudi. Wareno walikuwa na wapelelezi, walitega mabomu ya ardhini kandokando ya mto, na mpaka ulikuwa uwanja wa vita. Makazi yalikuwa mbali na risasi, na mtu aliyekuwa Rutamba alipata jembe, mbegu na zahanati. Ila daftari la Rutamba liliwaona waliokwenda Rutamba tu. Wengi hawakwenda. Walibisha hodi kwa mjomba, kwa shangazi, kwa somo wa unyagoni, wakapewa kipande cha shamba la muhogo na mikorosho michache, wakakaa. Serikali za vijiji ziliwajua, na balozi wa nyumba kumi aliwajua kwa majina. Katika hesabu za wakimbizi hawakuwamo, na hawakutaka kuwamo, maana aliyeandikwa mkimbizi alikuwa wa kuhamishwa. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kukusanywa kusini mwishoni mwa miaka ya 1960, usalama wa mpaka ukiwa moja ya sababu zake, watu hao waliandikwa upya, mara hii kama wanakijiji. Ni yumkini hapajawahi kuwapo njia nyepesi zaidi ya kupata uraia katika nchi hii, na hapana gazeti la serikali lililoitangaza.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na makazi yakaanza kumwagika kuelekea kusini. Waliorudi walikaa miaka michache tu. Vita vya RENAMO viliwatoa tena, safari hii hasa kuelekea Malawi, iliyowapokea zaidi ya milioni moja. Waliovuka Ruvuma walikuwa makumi ya maelfu. Mwaka 1983 Julius Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Mapatano ya amani yalitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, watu wakarejea, na kwa robo karne mto ukarudi kuwa njia ya samaki, mpunga, nguo na harusi. Kilambo pakawa na kivuko cha magari. Juu zaidi, kiasi cha kilomita 200 kutoka baharini, palijengwa Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, likafunguliwa mwezi Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Upande wa Tanzania daraja linashukia Mtambaswala. Upande wa Msumbiji, Negomano.

Jina la Negomano ni la kulishika. Hapo, Lugenda unapokutana na Ruvuma, ndipo Lettow-Vorbeck alipovuka mwezi Novemba 1917 na jeshi lake lililochoka, akiwa na askari, wapagazi, na wake na watoto wa askari, akaishinda ngome ya Wareno tarehe 25 Novemba na kujilisha kwa akiba yake. Wengi wa wapagazi waliokufa katika vita ile hawakuandikwa kwa majina.

Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na vita vipya vikaanza Cabo Delgado. Wapiganaji wake walikuwamo vijana wa Msumbiji na wa Tanzania, jambo lililoifanya mipaka ya ukoo itazamwe kwa shaka kuliko wakati wowote. Mwezi Oktoba 2020 kundi lililokadiriwa na polisi kuwa la watu wapatao 300 lilivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Asiyetia maanani Kitaya hawezi kueleza kwa haki yaliyofuata, kwa kuwa hofu ya wanakijiji wa kaskazini ya mto ilikuwa hofu ya kweli, na askari waliowekwa ukingoni hawakuwekwa kwa mchezo.

Yaliyofuata ni haya. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Katika miezi michache karibu watu 70,000 waliukimbia, wengine kwa majahazi kuelekea Pemba ya Msumbiji, wengine kwa miguu msituni kuelekea Nangade na Mueda, na wengine kupitia Kionga hadi ukingo wa Ruvuma. Hawa wa mwisho walifanya walivyofanya bibi zao mwaka 1964: walipanda mitumbwi. Kwa mujibu wa maelezo waliyoyatoa baadaye kwa Shirika la Wakimbizi, walipofika kaskazini walipelekwa katika shule ya kijiji, wakaulizwa uraia wao. Aliyekuwa na ushahidi wa kuwa Mtanzania alibaki. Asiyekuwa nao alipandishwa basi, akasafirishwa kuelekea magharibi, akavushwa kurudi Msumbiji kupitia Negomano. Mwezi Juni 2021 Shirika hilo lilitaja kwamba zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa njia hiyo tangu Januari, wengi wao wanawake na watoto, na likasisitiza kuwa walipaswa kwanza kupewa nafasi ya kuomba hifadhi.

Swali la shuleni lilikuwa la uraia. Si swali baya, ila halikuwa swali la jambo lililokuwapo. Mtu aliyetoka Palma akiwa amebeba mtoto hakuvuka kwa kudai kuwa Mtanzania. Alivuka kwa sababu nyumba yake iliungua. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania ni mshiriki wake, unamwangalia mtu kwa alichokikimbia, na unakataza asikataliwe mpakani akarudishwa penye hatari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo ina utaratibu wa kusikiliza maombi. Hati za utaifa, kwa upande mwingine, ni kipimo kigumu hata kwa wenyeji. Miaka hiyo hiyo Watanzania wengi walikuwa na namba ya kitambulisho cha taifa tu, kadi zenyewe zikisubiriwa. Lugha nayo haikuweza kuamua, kwa kuwa Kiswahili cha Palma na cha Msimbati havitofautiani kiasi cha kumtoa mtu, na Kimakonde ndio kabisa. Waliobaki kuwatenganisha watu walikuwa karatasi na wadhamini, yaani shemeji au mjomba aliyekuwa tayari kusimama mbele ya askari aseme, huyu ni wetu. Mwaka 1964 kauli hiyo ilitosha. Mwaka 2021, baada ya Kitaya, ilikuwa kauli ya hatari kwa mwenye kuitoa.

Wakati huo huo palikuwapo madaftari mengine, yaliyoandikwa kwa nia njema na kwa ufundi mwingi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliweka watu wake kwenye bandari, vituo vya mabasi na njia panda za Cabo Delgado, wakihesabu kila siku nani kafika, katoka wapi, ana watoto wangapi, kuna wajawazito, kuna wazee, kuna watoto wasio na wazazi. Viongozi wa vijiji waliulizwa ni familia ngapi zimehamia kwao. Chakula, mahema na dawa za kipindupindu viligawanywa kwa kufuata orodha hizo, na anayezidharau hajapata kusimamia mgao wa mchele. Kwa orodha hizo ndipo ilipojulikana kuwa waliohama ndani ya kaskazini ya Msumbiji walizidi 700,000 mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka 2022 walipita milioni moja.

Hata hivyo hesabu ya mpakani ina tabia zake. Huhesabu mapito, na pito moja si mtu mmoja. Aliyevuka mara tatu huonekana watatu. Aliyevuka usiku bamvua likijaa haonekani. Kituo huwekwa penye barabara, na familia inayoogopa kurudishwa huepuka barabara. Kwa hiyo kadiri ukali wa ukingoni unavyozidi ndivyo daftari linavyozidi kuonyesha utulivu. Aidha neno familia lina maana yake huko. Fomu huandika kaya: mume, mke na watoto wanaokula chungu kimoja. Mtoto wa dada aliyelelewa na mjomba tangu kuzaliwa, ambaye kwa ukoo ndiye mrithi wake, huweza kuandikwa kama mtoto asiye na mzazi.

Mfano wa mama mmoja wa Palma unatosha kuonyesha njia hii ilivyopita. Mwezi Aprili anahesabiwa Kionga kama mtu aliyehama ndani ya nchi yake. Mwezi Mei anashuka katika basi Negomano na kuhesabiwa kama aliyerudishwa kutoka nje. Mwezi Juni, baada ya safari ya lori hadi Mueda au Montepuez, anahesabiwa kwa mara ya tatu, kama mgeni aliyewasili. Upande wa kaskazini wa mto, alikolala shuleni na wanawe na kuulizwa kwao ni wapi, hakuandikwa katika daftari la wakimbizi.